Pilipili Mbili ni Gramu Ngapi?

Fungua kitabu chochote cha mapishi au tazama mpishi yeyote wa mtandaoni, utakutana na mstari huu: pilipili mbuzi 2. Mchele umepimwa kwa kikombe, nyama kwa kilo, chumvi kwa kijiko, mafuta kwa mililita. Pilipili peke yake ndiyo inayohesabiwa, ilhali ndiyo kiungo ambacho kikizidi huna la kufanya zaidi ya kupika upya. Sasa nenda gengeni ukalitazame fungu moja. Utaikuta pilipili mbuzi ndogo kama gololi imelala ubavuni mwa nyingine iliyonona mara tatu yake. Ya kwanza ina gramu 4 au 5, ya pili inafika 15. Mpishi aliyeandika "2" huenda alitia gramu 10, huenda alitia 30, na wewe unayemfuata huna pa kujulia.

Dawa yake ni kuacha kuhesabu na kuanza kupima, na kupima hakuhitaji mizani ya bei. Kunahitaji kutenganisha maswali mawili: pilipili ni nyingi kiasi gani, na pilipili ni kali kiasi gani. La kwanza linapimika hadi gramu. La pili hukisiwa, kisha huonjwa. Wengi huwaunguza wageni vinywa kwa sababu wanalikimbilia la pili kabla hawajalimaliza la kwanza.

Zijue kwa uzito

Tuanze na pilipili mbuzi, maana ndiyo inayotumika zaidi kwetu, pwani na bara. Ni ile fupi, pana, yenye mikunjo, ya kijani, ya njano au nyekundu, ambayo harufu yake hukufikia kabla hujaikata. Ya wastani, yenye upana wa sentimita 3 hivi, huwa na gramu 8 hadi 10. Shika 9 kichwani. Namba hiyo tutairudia.

Pilipili kichaa ni habari nyingine. Zile fupi za kuchuma uani, zinazosimama wima zikitazama juu, hazifiki gramu moja, na nyingi ziko kwenye nusu gramu. Zile ndefu kidogo zinazouzwa kwenye pakiti zina gramu 1 hadi 2. Pilipili ndefu za kuwasha, zenye urefu wa kidole, huwa na gramu 5 hadi 10, na zilizonona hupita hapo. Jalapeño, ambazo siku hizi zinaonekana kwenye supamaketi za miji mikubwa, huanzia gramu 15 na kufika 25.

Hoho hazituhusu sana kwa sababu haziwashi, ila zina mtego wake. Hoho ndogo ina gramu 75, ya kati 120, kubwa 160. Ukishika mapishi ya zamani ya pwani, neno "pilipili hoho" laweza kuwa limetajwa kwa maana ya ile ya kuwasha, na hii tunayoiita hoho leo ikaitwa pilipili boga. Kiasi chenyewe ndicho kitakachokuonyesha mwandishi alikusudia ipi. Akisema nusu hoho isagwe na tangawizi na kitunguu saumu kwa samaki mmoja wa kupaka, hakuwa na pilipili ya gramu 120 mkononi.

Kupima bila mizani

Njia nyepesi kuliko zote unaimaliza sokoni. Badala ya kununua fungu, omba robo kilo ipimwe. Ukifika nyumbani zihesabu. Robo ni gramu 250: zikitoka 28, kila moja ina gramu 9 hivi, zikitoka 40, umeuziwa za gramu 6 na kidogo. Usimwombe muuzaji akupimie moja moja. Mizani inayopima viazi na vitunguu haiioni pilipili moja, na mshale wake hautacheza. Wanunuao supamaketi wana nafuu zaidi, kwa kuwa stika ya bei huandikwa uzito: 0.065 ni gramu 65, na ndani ya mfuko zikiwa 7, kila moja ina 9. Stika hiyo hutupwa kabla haijasomwa, nayo ndiyo yenye jibu.

Ikiwa umenunua fungu la chini, au umechuma uani, kuna njia ya maji. Naipenda kuliko zote kwa sababu ukiifanya mara moja huisahau tena. Chukua glasi pana yenye kuta zilizonyooka, uijaze maji hadi nusu. Inamisha kichwa mpaka macho yawe sawa na uso wa maji, kisha bandika kipande cha plasta nje ya glasi, ukingo wake wa juu ukigusana na maji. Tia pilipili zako nzima, na vikonyo vyake. Zitaelea, maana ndani zina uwazi. Maji yatapanda na kuupita ukingo wa plasta. Sasa chukua sirinji ya mililita 10, ile ya duka la dawa isiyofungwa sindano, uvute maji kidogo kidogo huku ukihesabu, hadi yarudi pale pale yalipokuwa. Ukivuta 10 mara nne na 5 mara moja, pilipili zako zina gramu 45.

Sababu yake aliieleza Arkimedesi wa Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Mililita moja ya maji ina gramu moja, kwa hiyo sirinji imekuwa mizani. Masharti ni machache lakini hayana mjadala. Pilipili zielee huru, zisibanane kwenye kuta. Usizizamishe kwa kidole, kwa sababu hapo utakuwa unapima ukubwa wake pamoja na hewa iliyomo ndani, na jibu litakuwa kubwa kupita kiasi. Iliyopasuka au kutobolewa na mdudu iweke kando, itanywa maji. Pima tano au zaidi kwa pamoja, ili kosa la mililita mbili la jicho ligawanyike kwa zote. Na sirinji ikishaingia katika kazi hii ibaki jikoni. Ya kumnyweshea mtoto dawa iwe nyingine.

Zilizokwisha kukatwa nazo zinapimika hivyo hivyo. Tumia bakuli pana kidogo, uweke kifuniko chepesi cha plastiki kielee juu ya maji, weka alama ya maji, tia pilipili ndani ya kifuniko, kisha vuta maji hadi kwenye alama.

Kabla ya kusafisha au baada?

Hapa mapishi mengi hunyamaza. Kwa kawaida kiasi kilichotajwa kwa idadi au kwa kilo ni cha pilipili nzima kama ilivyotoka sokoni, na kilichotajwa kwa kijiko au kikombe ni cha iliyokwisha kusafishwa na kukatwa. Kati ya hizo mbili kuna upotevu. Ukitoa kikonyo tu, unapoteza gramu 5 hadi 8 katika kila 100. Ukitoa kikonyo, mbegu na ule utando mweupe wa katikati, unapoteza robo ya uzito, na kwa pilipili mbuzi, ambayo nyama yake ni nyembamba, hata zaidi ya robo. Basi ukihitaji gramu 100 za nyama tupu ya pilipili ndefu, nunua 135.

Lakini kuna jambo ambalo uzito haulionyeshi. Kemikali inayowasha, kapsaisini, hutengenezwa katika huo utando mweupe. Mbegu zenyewe haziitengenezi. Huipata kwa kugusana nao. Kwa hiyo anayetoa utando anapunguza robo ya uzito na sehemu kubwa ya ukali. Asijaribu kufidia kwa kuongeza gramu kama vile amepoteza uzito tu. Mimi hutoa utando kwenye kachumbari, ambako nataka harufu na rangi, na huuacha kwenye pilipili ya kusaga, ambako mtu ameijia makali.

Kijiko na kikombe

Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, cha chakula ni 15, kikombe ni 240 au 250 kutegemea nchi ya kitabu. Vijiko vya kabatini kwako havikuapa kufuata kanuni hiyo. Jaza kijiko chako maji kwa sirinji ile ile uone kinabeba mililita ngapi. Ukikuta 4 au 6, andika mahali.

Kinachovuruga hesabu ya kijiko ni mkato. Kikombe kilichojaa pilipili zilizokatwa viduara hubeba gramu 90 hivi. Kikombe hicho hicho, pilipili zikikatwakatwa ndogo ndogo, hubeba 150. Zikisagwa kwenye blenda au kinu hadi zikawa rojo, hukaribia 240, kama maji. Pilipili hazikubadilika, kilichotoka ni hewa. Ukishuka hadi kijiko cha chai, viduara ni gramu 2, zilizokatwakatwa ni 3, zilizosagwa ni 5. Mtu anayesoma "kijiko kimoja cha pilipili iliyokatwa" akatia kijiko kimoja cha iliyosagwa, ameongeza karibu theluthi mbili tena, na bado atasema amefuata maandishi.

Kwa vipimo hivyo, pilipili mbuzi moja ya wastani, gramu 9, ikikatwakatwa ndogo ndogo inajaza kijiko kimoja cha chakula au inakikaribia. Huu ndio ulinganisho wa kubaki nao. "Pilipili mbuzi 2" za kitabu zisome kama vijiko viwili vya chakula, kisha kata zako, ziwe kubwa au ndogo, mpaka kijiko kijae mara mbili. Zilizobaki kwenye kibao rudisha kwenye friji. Kwa pilipili kichaa za uani, tano au sita zinajaza kijiko cha chai. Kwa zile za pakiti, mbili zinatosha.

Futa juu ya kijiko kwa mgongo wa kisu, usishindilie. Kijiko chenye kilima juu kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichofutwa, na kwa chumvi au pilipili hiyo ni tofauti kubwa mno. Angalia pia pilipili ya kinu: wengi hutwanga pamoja na chumvi na kitunguu saumu ili isirukeruke, kwa hiyo sehemu ya kijiko si pilipili. Za chupa zina siki, maji na unga wa kuzifanya nzito, kwa hiyo kijiko kimoja hakilingani kabisa na cha mbichi. Katika mafuta ya pilipili hesabu huwa kwa tone. Wanyarwanda wanalijua hili vizuri: Akabanga yao huja na kidondoshi, na mtu huhesabu matone juu ya sahani yake mwenyewe.

Kiasi cha chungu

Sasa tuingie kwenye ukali. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kuupima kwa kuyeyusha dondoo la pilipili katika maji ya sukari na kuendelea kulizimua mpaka waonjaji wasihisi mwasho. Leo kazi hiyo hufanywa na mashine, ila vipimo bado vinaitwa kwa jina lake. Hoho ni sifuri. Jalapeño ni 2,500 hadi 8,000. Pilipili ndefu za kundi la kayeni ni 30,000 hadi 50,000. Kichaa huanzia 50,000 na kupita 100,000. Jamii ya pilipili mbuzi ni 100,000 hadi 350,000.

Ukiutazama mfululizo huo utashangaa, maana mtaani kichaa ndiyo yenye sifa ya ukali. Maelezo ni mawili. Kwanza, vipimo vya maabara hufanywa kwa pilipili iliyokaushwa. Mbuzi mbichi imejaa maji, kichaa ina maji machache, kwa hiyo zikiwa mbichi, gramu kwa gramu, tofauti inafifia. Jikoni mimi huzichukulia sawa. Pili, kichaa mtu huitafuna nzima, na mbuzi hukatwa kipande. Ulinganisho wa haki ni wa uzito: pilipili mbuzi moja ya gramu 9 ni sawa na kichaa kumi na nane za uani zenye nusu gramu kila moja. Ukikosa mbuzi ukaweka kichaa "mbili badala ya mbili", mchuzi utakuwa baridi, na huko ni kuhesabu vichwa tena.

Vipimo vyangu kwa lita moja ya mchuzi uliokwisha kuiva ni hivi. Gramu 3 za pilipili mbuzi au kichaa, yaani kijiko kimoja cha chai cha iliyokatwakatwa, hutoa harufu na mwasho unaokuja mwishoni. Watoto wakubwa watakula. Gramu 6 ni mchuzi unaosema wazi kuwa una pilipili. Gramu 9 ni za watu wazima wanaojua walichokiomba. Kwa pilipili ndefu zidisha mara tatu au nne: mahali pa kijiko kimoja cha chai cha mbuzi, weka pilipili ndefu moja au moja na nusu. Jalapeño usihangaike nazo kwa kusudi la mwasho. Hata mbili zenye jumla ya gramu 40 hazikifikii kijiko kimoja cha chai cha mbuzi. Zitumie kama mboga.

Mchuzi wa nazi huvumilia zaidi ya wa nyanya. Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, haiyeyuki katika maji, na tui huishika kiasi kwamba ulimi haupati yote kwa mkupuo. Ndiyo maana gramu 6 katika samaki wa kupaka zinaonekana za adabu, na gramu 6 hizo hizo katika mchuzi mwepesi wa dagaa zinawatoa watu jasho. Kachumbari haina mafuta wala haikupikwa, basi ipe nusu: kwa nusu kilo ya nyanya na vitunguu, gramu 2 hadi 3 ambazo utando wake umetolewa.

Vipimo hivyo ni vya kuanzia, kwa sababu mti mmoja haulingani na mwingine. Pilipili iliyokua kwa kiu huwa kali kuliko iliyonyweshwa vizuri, na hata matunda ya mti mmoja hutofautiana. Usionje kwa kulamba ncha ya pilipili. Ncha iko mbali na utando, itakudanganya. Fanya kikombe cha majaribio. Chota mililita 100 za mchuzi wako wa moto, ambazo ni kikombe kidogo cha kahawa au kupungua. Tia robo kijiko cha chai ya pilipili uliyokwisha kuikata ndogo kabisa, koroga, funika, subiri dakika tano, onja. Ikiwa sawa kwako, lita moja itataka mara kumi yake, vijiko viwili na nusu vya chai. Ikiwa kali, jaribu tena kwa nusu ya hapo. Unapoteza kikombe kimoja cha mchuzi, na mara nyingi hukipotezi, kwa kuwa ukishajua jibu unakirudisha chunguni na kupunguza kiasi hicho kwenye hesabu.

Ili hesabu ya lita iwe na maana, lazima uijue sufuria yako. Ijaze maji kwa chupa ya lita moja, mara moja tu, ukumbuke zimeingia ngapi hadi kwenye kishikio na ngapi hadi nusu.

Kuna pilipili moja isiyoingia katika hesabu hizi: ile mbuzi nzima, yenye kikonyo chake, inayowekwa juu ya maharage ya nazi au wali ili itoe harufu tu. Ikibaki nzima, mwasho wake ni mdogo sana, hata iwe na gramu 15. Ikipasuka, zote 15 zimeingia. Itie mwishoni, chakula kikiwa kimetulia, usikoroge tena, na uitoe kabla ya kupakua. Sufuria ikiwa ya kukorogwa mara kwa mara, achana na njia hiyo.

Za shughuli na za chupa

Mizigo mikubwa hununuliwa kwa ujazo, na hapo wengi hupigwa chenga na hewa. Sado ya lita 4 iliyojaa pilipili mbuzi nzima haina kilo 4; ina kilo moja na nusu au chini yake kidogo. Debe la lita 20 lina kilo 6 hadi 8. Nafaka hushikamana ndani ya chombo, ndiyo sababu wazee wetu waliweza kuipima kwa kibaba na pishi bila kugombana. Pilipili zina uwazi ndani na mianya katikati, kwa hiyo muuzaji akizimwaga tu bila kutikisa sado, tofauti yaweza kufika pilipili kumi na zaidi. Tikisa mara mbili, ajazie, ndipo ulipe.

Kwa shughuli ya watu 100 wanaokula pilau, pilipili ya kando huisha haraka kuliko unavyodhani au hubaki karibu yote. Inategemea wageni ni wa wapi. Methali inauliza pilipili usiyoila yakuwashiani, nalo ni swali ambalo mpishi wa shughuli hana ruhusa ya kujiuliza. Kila mgeni akichota kijiko kimoja cha chai, unahitaji nusu lita ya iliyosagwa. Watoto na wazee wengi hawatachota, na wachache watachota vitatu. Nusu kilo ya pilipili mbuzi, ikisagwa na kuongezwa nyanya, ndimu na karoti, inatosha na kubaki kidogo. Sado nzima ni kwa ajili ya watu 250 na kuendelea, au kwa mpishi anayetaka kubaki na akiba.

Ukipika kwa kilo nyingi, zidisha gramu kama unavyozidisha chumvi, ila tia theluthi mbili kwanza. Theluthi ya mwisho iingie baada ya kuonja. Kwenye sufuria ya lita 2, kosa la gramu 3 linavumilika. Kwenye pipa la lita 60, kosa la uwiano huo huo ni gramu 90, pilipili mbuzi kumi nzima.

Kwa chupa ya jemu ya mililita 350 hivi, robo kilo ya pilipili mbuzi inatosha. Ukitoa vikonyo zitabaki gramu 230 au 235, na zikisagwa zitakuwa mililita hizo hizo, kwa kuwa rojo ya pilipili inakaribia uzito wa maji. Ongeza mililita 100 za siki na gramu 10 za chumvi. Kijiko cha chai cha chumvi laini kilichofutwa kina gramu 6, kwa hiyo ni kijiko kimoja na theluthi mbili. Chemsha kwa moto mdogo dakika kumi dirisha likiwa wazi, jaza ikiwa moto kwenye chupa iliyochemshwa, weka kwenye friji ikishapoa. Vaa glavu unapokata kiasi hicho, au jipake mafuta ya kupikia mikononi kabla, kisha uoshe kwa sabuni. Maji peke yake hayaitoi kapsaisini.

Mbichi ikigeuka unga

Mapishi yakisema unga wa pilipili na wewe una mbichi, kumbuka maji. Katika gramu 100 za pilipili mbichi ya kawaida, gramu 88 ni maji. Kilo 8 za pilipili ndefu mbichi hukauka zikawa kilo moja, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Kichaa, yenye mbegu nyingi na nyama kidogo, huhitaji kilo 3 au 4 tu kwa kilo moja kavu, na ndiyo sababu wakaushaji huipenda.

Kijiko cha chai cha unga wa pilipili kina gramu 2 hivi. Pilipili ndefu moja ya gramu 8 au 9 ikikauka hubaki gramu moja. Kwa hiyo kijiko kimoja cha unga ni sawa na pilipili ndefu mbili mbichi, na nusu kijiko ni moja. Ukiwa na pilipili mbuzi badala yake, usifuate uzito wa maji. Unga wa madukani hutoka zaidi kwenye pilipili ndefu, basi kwa kila kijiko cha chai cha unga anzia gramu 3 au 4 za mbuzi. Unga uliokaa kabatini tangu mwaka jana umepungua nguvu na rangi yake imeelekea udongo, na hapo hakuna hesabu, ni kuonja tu.

Kwa matumizi ya kila siku, saga robo kilo kwa wakati mmoja bila kitu kingine isipokuwa kijiko cha mafuta, uigawe kwenye trei ya barafu. Pima kishimo kimoja kwa maji ya sirinji kabla ya kujaza. Kishimo kikichukua mililita 15, hizo ni gramu 15 za pilipili, na hiyo ni nyingi mno kwa sufuria moja. Jaza theluthi tu, kijiko kimoja cha chai, gramu 5. Zikishaganda zitoe, zitie kwenye mfuko wenye zipu, andika juu yake aina ya pilipili, tarehe na "kimoja = gramu 5". Kipande kimoja kwa lita ya mchuzi wa kawaida, viwili wakija wageni wanaoipenda kali.